Marekani: Kwa nini ganda la risasi hupakwa mafuta kabla ya kutumiwa tena

Huko Marekani, wawindaji wengi na watu wanaopenda kulenga shabaha hawatupi ganda la risasi lililokwisha kupigwa. Wanaliokota, wanalisafisha, wanalirudisha katika kipimo chake, kisha wanalijaza na kulitumia tena. Katika kazi hiyo kuna hatua moja inayoonekana ndogo: kupaka ganda mafuta kidogo kabla ya kulisukuma ndani ya kalibu ya chuma. Mtu akiiruka hatua hiyo, ganda linakwama na kazi inasimama. Akizidisha mafuta, ganda linabonyea. Na akisahau kuyafuta mwishoni, bunduki yenyewe inapata mzigo usiokuwa wa lazima.

Kwa mkaaji wa Beni, Bunia ao Uvira, maganda ya risasi ni kitu kinachojulikana kwa sababu nyingine kabisa: yanabaki barabarani na mashambani baada ya mapigano. Lakini shaba, zinki na wolfram ambazo kazi hii ya Wamarekani inazitegemea ni madini ambayo kila mtu mashariki na kusini mwa Kongo amekwisha kusikia majina yake. Na swali la kujua kama ganda linaweza kutumiwa tena ao hapana lina maana pia kwa watu wanaochunguza risasi za vita zinatoka wapi.

Vitu vine, kimoja tu kinabaki

Risasi nzima ina sehemu nne. Mbele kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Ndani kuna baruti. Katikati ya kitako kuna fataki, kikombe kidogo kinacholipuka kinapogongwa na pini ya bunduki na kuwasha baruti. Sehemu ya nne ni ganda, linaloshikanisha vyote pamoja.

Bunduki ikilia, kichwa kinaondoka, baruti inaungua na fataki inakwisha kazi yake. Ganda peke yake ndilo linabaki zima. Tena ni sehemu iliyogharimu sana kutengenezwa, kwa sababu kiwandani linaanza kama kipande kidogo cha shaba kilicho bapa, ambacho kinavutwa na kugandamizwa mara nyingi mpaka kipate urefu, shingo na kitako. Ndiyo sababu Mmarekani anayepiga risasi nyingi kila juma anaona kwamba kulitupa ni kutupa feza.

Maganda mengi ya kiraia yanatengenezwa kwa shaba njano, mchanganyiko wa shaba karibu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Ni madini yasiyo mageni kwa Mkongomani. Lualaba na Katanga ya Juu zimeiweka Kongo kati ya inchi zinazotoa shaba nyingi zaidi duniani, na mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024.

Mchanganyiko huo haukuchaguliwa kwa sababu ya rangi yake nzuri. Baruti inapowaka, mgandamizo ndani ya ganda la bunduki ya kuwindia kama .308 Winchester unaweza kufika karibu bar 4,000. Ili kulinganisha, gurudumu la motokari ndogo hujazwa upepo wa bar 2 na kitu. Kwa nguvu hiyo ganda linavimba na kukaza kuta za chemba, yaani chumba cha bunduki ambamo risasi inakaa. Hapo linaziba kabisa, moshi na moto visirudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Mgandamizo ukishuka, shaba njano inajirudisha ndani kidogo, na ganda linaweza kutolewa bila shida.

Neno muhimu ni «kidogo». Ganda halirudi kabisa katika kipimo chake cha kwanza. Linabaki nene kuliko lilivyotoka kiwandani, na limechukua umbo la chemba ya bunduki iliyolipiga. Kwa kuwa chemba za bunduki mbili hazilingani sawasawa, hata kama zote ni za aina moja, ganda lililopigwa katika bunduki moja linaweza kukataa kuingia katika nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kulijaza upya, ni lazima kulirudisha katika kipimo.

Kama pete iliyobana kidole

Chombo kinachofanya kazi hiyo ni kalibu: kipande cha chuma kigumu chenye tundu lililochongwa kwa kipimo kamili. Kinafungwa juu ya mashini ndogo ya mkono iliyokazwa kwa bulo kwenye meza. Fundi anaweka kitako cha ganda katika kishikio, anashusha mkono wa mashini, na ganda linapanda na kuingia lote ndani ya kalibu. Likitoka, limepungua kwa sehemu chache za mia za milimetre. Kwa macho, tofauti haionekani.

Lakini upungufu huo mdogo unatokea kwa mwili wote wa ganda mara moja, toka karibu na kitako mpaka shingoni. Shaba njano inasuguana na chuma kwa nguvu kubwa. Kila mtu aliyekwisha kuvaa pete ikabana kidole anajua namna ya kuitoa: sabuni kidogo ao mafuta. Bila hivyo, kadiri mtu anavyovuta ndivyo inavyozidi kukaza. Ganda ndani ya kalibu ni vilevile, ila hapa kinachovuta ni mashini.

Ganda likiingia kavu, vipande vidogo sana vya shaba vinanata kwenye kuta za kalibu. Kuanzia hapo, kila ganda linalofuata linatoka na mikwaruzo. Mara nyingine jambo ni baya zaidi: ganda linaingia lote na halitoki. Fundi anavuta mkono wa mashini kwa nguvu, kishikio kinang’oa ukingo wa kitako, na ganda linabaki ndani ya kalibu bila sehemu ya kulishika.

Kuliokoa kunafanana na kazi ya garaje. Ni lazima kutoboa kitako kwa keekee, kuchonga njia za visi ndani ya tundu, kuingiza bulo na kuvuta polepole, kama makanika anavyotoa beringi iliyokwama. Ganda hilo limekwisha kuharibika, na fundi asipokuwa mwangalifu keekee inaweza kuharibu kalibu pia. Ajali hii inatokea mara nyingi hivi kwamba watengenezaji wa kalibu wenyewe wanauza vyombo maalumu vya kuliondoa ganda lililokwama.

Si kila mafuta yanafaa

Mtu anaweza kufikiri kwamba mafuta ya injini yangetosha. Sivyo. Mafuta mepesi yanakamuliwa na kuondoka mara tu shaba inapobanwa na chuma, na sehemu hiyo inabaki kavu wakati ule ule ambapo mafuta yanahitajika zaidi. Kinachotakiwa ni utando mwembamba unaobaki mahali pake hata ukigandamizwa sana.

Wamarekani wanatumia njia tatu. Ya zamani ni kitambaa kizito ao sifongo iliyolowa mafuta mazito, ambayo maganda yanaviringishwa juu yake kama unga wa chapati juu ya meza. Ya pili ni nta laini, inayopakwa kwa ncha za vidole viwili. Ya tatu ni mafuta ya kupuliza, ambayo yanaweza kufikia maganda mengi kwa mara moja.

Mengi ya mafuta hayo ya kupuliza, pamoja na yale ambayo watu wanajitengenezea nyumbani, yana lanolini. Ni mafuta yanayotoka katika manyoya ya kondoo, yale yale ambayo dukani yanapatikana katika pomadi za midomo na katika marhamu ya mama wanaonyonyesha ambao chuchu zimepasuka. Lanolini ni nzito na inanata. Ili iweze kupulizwa, inayeyushwa katika alkoli. Alkoli inabeba lanolini mpaka juu ya ganda, kisha inakauka na kuiacha hapo.

Hapa ndipo watu wenye haraka wanapokosea. Wanapuliza na kuanza kazi papo hapo, alkoli ingali majimaji. Kwao ganda linaonekana limelowa, basi wanadhani limepata mafuta ya kutosha. Kumbe walichonacho juu ya ganda ni alkoli zaidi, na alkoli haizuii msuguano. Dakika chache za kungoja zingeepusha ganda kukwama.

Kuna sehemu nyingine inayosahauliwa: upande wa ndani wa shingo. Ganda linaposhuka kutoka kalibu, tufe dogo la chuma linapita ndani ya shingo ili kuipanua kwa kipimo ambacho kichwa kipya kitakaa. Shingo ikiwa kavu, tufe linapita kwa kelele kali na linaweza kuvuta ganda na kulirefusha. Kwa hiyo fundi anapitisha ndani ya shingo burashi ndogo yenye unga wa grafiti ao wa mika. Unga unapendwa hapo kwa sababu mafuta yakibaki ndani yangegusa baruti.

Yakizidi, nayo ni hasara

Mtu aliyekwisha kukwamisha ganda mara moja anajaribiwa kupaka mafuta mengi siku inayofuata. Hapo anakutana na shida ya pili. Mafuta hayabonyei kama hewa. Yakirundikana kwenye bega la ganda, pale ambapo mwili mpana unaingia katika shingo nyembamba, na yakakosa njia ya kutoka, kitakachobonyea ni shaba. Ganda linatoka na vishimo begani, kama sufuria ya alumini iliyoangushwa.

Watengenezaji wanajua jambo hilo. Kalibu nyingi zina tundu dogo sana pembeni la kutolea hewa na mafuta yaliyozidi. Lakini tundu hilo linaziba kwa uchafu lisiposafishwa. Vishimo vidogo hujinyoosha risasi inapopigwa tena. Kikiwa kikubwa ao chenye mkunjo mkali, ganda linatupwa.

Ndiyo maana mafundi wa kazi hii wanafundisha kupaka mwilini, toka juu ya kitako kufika chini ya bega, na kuliacha bega lenyewe karibu kavu. Kipimo chao ni kidole: ganda linapaswa kuteleza kidogo mkononi, lakini mafuta yasionekane kuwa yamelowesha.

Kusahau kufuta

Kosa la tatu ndilo linaloweza kumgusa mpigaji mwenyewe. Kazi ya kalibu ikiisha, mafuta yote yanapaswa kuondolewa: kwa kitambaa, kwa maji moto yenye sabuni, ao kwa kuzungusha maganda katika pipa dogo pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Mafuta yakifika kwenye baruti ao kwenye fataki, risasi inaweza kukataa kuwaka.

Yakibaki nje ya ganda, shida ni nyingine. Kwa kawaida, ganda kavu likivimba linashika kuta za chemba, na mshiko huo unasaidia kubeba sehemu ya nguvu inayosukuma kurudi nyuma. Ganda lenye mafuta linateleza. Nguvu inayobaki inagonga komeo la bunduki, sehemu inayofunga chemba kwa nyuma, karibu na uso wa mpigaji. Ndiyo sababu maagizo ya watengenezaji yanasisitiza kwamba chemba na risasi viwe vikavu kabla ya kupiga.

Historia ya majeshi inaonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kulikuwa na bunduki za rashasha ambazo hazingefanya kazi vizuri bila risasi iliyopakwa mafuta, kwa sababu ganda kavu lilikuwa linang’ang’ania chemba wakati wa kutolewa. Schwarzlose ya Austria-Hungaria ilikuwa na pampu ndogo ya mafuta ndani yake. Breda Modello 30 ya jeshi la Italia ilikuwa nayo pia. Jeshi hilo ndilo ambalo askari Wakongomani wa Force Publique walipigana nalo huko Abyssinia na kulishinda Saïo mwezi Julai 1941. Katika jangwa la Afrika ya Kaskazini mafuta ya Breda yalivuta vumbi na mchanga, na bunduki ikakwama mara kwa mara.

Huko Marekani, miaka ya 1930, jeshi lililinganisha bunduki ya mhandisi John Pedersen, iliyotumia risasi zilizopakwa nta, na ile ya John Garand, iliyotumia risasi kavu. Garand ndiye aliyeshinda. Kwa watu wanaojaza maganda, mafuta juu ya ganda ni kitu cha atelie: yanapakwa kwa kazi ya kalibu, kisha yanafutwa.

Toka mbuga za bisoni mpaka meza ya nyumbani

Kujaza maganda upya si jambo jipya. Katika miaka ya 1870, watu waliokuwa wakiwinda bisoni katika mbuga za magharibi ya Marekani walikuwa mbali na maduka, na walijaza risasi zao wenyewe karibu na moto wa kambi. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal, iliyouza chombo cha mkono kinachofanana na koleo, na kila mtu akaweza kufanya kazi hiyo nyumbani.

Mwaka 1943, mjini Oroville, jimbo la California, Fred Huntington alianza kutengeneza vyombo ambavyo baadaye vilijulikana kwa jina la RCBS. Mwaka 1949 Joyce Hornady alianzisha kiwanda chake cha vichwa vya risasi huko Grand Island, Nebraska. Karibu miaka kumi baadaye, Richard Lee alileta kifaa cha bei ndogo ambacho mtu anakipiga kwa nyundo. Kifaa hicho kilirudisha shingo peke yake, mwili wa ganda ukabaki ulivyo, na hivyo haja ya mafuta ilipungua sana.

Wolfram nayo ilileta badiliko. Ni moja ya madini yale matatu ambayo wafanyabiashara wa Kivu wanayataja pamoja na kasiteriti na koltani. Ikichanganywa na kaboni inatoa kitu kigumu sana kinachoitwa kabidi, ambacho shaba njano hainati juu yake. Kalibu zenye pete ya kabidi zinawawezesha watu kurudisha maganda ya bastola bila mafuta yoyote, kwa sababu maganda hayo kwa sehemu kubwa yamenyooka kama bomba. Ganda la bunduki ndefu, lenye mwili mpana, bega na shingo kama chupa, bado linadai mafuta.

Jambo hili linagusa watu wengi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Mwezi Machi 2009, wizara ya ulinzi ya Marekani iliamua kwamba maganda yaliyopigwa na jeshi, ambayo yalikuwa yakiuzwa kwa raia, yaharibiwe kwanza. Watu wa kujaza maganda na wafanyabiashara walipinga. Maseneta wawili wa jimbo la Montana, Max Baucus na Jon Tester, waliandikia serikali, na kwa siku chache tu uamuzi ukaondolewa. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa janga la Covid-19, risasi zilipungua sana madukani, na watu waliokuwa wametunza maganda yao waliona faida yake, ingawa fataki nazo zilikuwa haba.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani haidai leseni kwa mtu anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe. Anayetaka kuziuza ni lazima awe na leseni ya mtengenezaji. Majimbo na miji vilevile vinaweza kuweka sheria zao.

Hata huko, ganda halidumu milele. Kila mara linapovimba na kugandamizwa, shaba inazidi kuwa ngumu na kukosa unyumbufu. Baada ya mara kadhaa shingo inaanza kupasuka. Mwili wake nao unaweza kuwa mwembamba karibu na kitako, mstari unaong’aa unatokea, na hiyo ni alama kwamba ganda linaweza kukatika ndani ya chemba. Fundi mwenye akili analitupa kabla ya siku hiyo.

Maganda ya vita ni kitu kingine

Je, maganda yanayotapakaa mashariki mwa Kongo yangeweza kutumiwa vilevile? Kwa sehemu kubwa, hapana. Sababu ya kwanza ni chuma. Risasi nyingi za Kalashnikov zina ganda la chuma laini lililopakwa rangi ao utando mwembamba wa shaba. Chuma hakinyumbuki kama shaba njano, na kinachosha kalibu. Fundi wa Marekani akipata maganda yaliyochanganyika, anapitisha sumaku juu yake, na yale yanayonaswa anayaweka pembeni.

Sababu ya pili iko ndani ya kitako. Kuna namna mbili za kuweka fataki. Ile ya Mwingereza Edward Boxer ina tundu moja katikati ya ganda, na pini nyembamba inaweza kusukuma fataki iliyokufa kwa urahisi. Ile ya Mmarekani Hiram Berdan kwa kawaida ina matundu mawili madogo pembeni, na pini haiwezi kuisukuma. Kwa mshangao wa wengi, Wamarekani walichukua namna ya Mwingereza, na viwanda vingi vya kijeshi vya Ulaya na Asia vikachukua namna ya Mmarekani. Risasi za vita za Berdan zimetengenezwa zipigwe mara moja na kuachwa.

Jambo hilo lina faida kwa wachunguzi. Kwenye kitako cha ganda kuna alama iliyogongwa kiwandani. Kwa risasi nyingi za aina ya Kalashnikov, ni namba ya kiwanda na mwaka. Ganda lililojazwa tena nyumbani linataja kiwanda cha kwanza tu, na halisemi ni nani aliyeweka baruti mara ya mwisho. Ganda la vita lililopigwa mara moja linatoa habari iliyo wazi zaidi. Kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya Kongo, lililoanzishwa kwa azimio 1533 la mwaka 2004, hutumia alama kama hizo katika ripoti zake ili kufuatilia njia za silaha.

Sheria nayo ni tofauti. Kongo inasimamia silaha na risasi kwa sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na mtu hana ruhusa ya kujitengenezea risasi nyumbani kwa mapenzi yake. Mkataba wa Afrika ya Kati uliopitishwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010, na ulioanza kutumika mwezi Machi 2017, unataja silaha ndogo, risasi zake, na pia sehemu zote zinazoweza kutumiwa kuzitengeneza.

Tena kuna hatari ya papo hapo. Baada ya mapigano ya Goma mwezi Januari 2025, mabomu na risasi vilibaki katika mitaa ambayo watu wanakaa. Mtoto hawezi kutofautisha ganda tupu na risasi nzima ambayo fataki yake haijagongwa, na mara nyingi vitu hivyo viwili vinalala pamoja na guruneti ao roketi ambayo haikulipuka. Ushauri wa watu wanaotegua mabomu unabaki ule ule: usiguse, usiokote, weka alama mbali kidogo, na uwaarifu viongozi ao timu za kutegua mabomu. Hata ganda tupu lina maana zaidi kwa mchunguzi likiachwa pale lilipoanguka.